Kreni Kumi na Moja

Niliambiwa nihesabu, nikahesabu. Kwa hilo mtu asinilaumu. Kama kuna mtu Lodwar nzima anayeweza kukaa juani saa tatu akihesabu kitu bila kusinzia, ni mimi, Jerusha, karani wa zamani wa ofisi ya ujenzi, mwanamke ambaye hata akichagua mchele anajua ametoa mawe mangapi. Lawama yangu iko mahali pengine, na nitaifikia. Msiniharakishe.

Kazi yenyewe ililetwa na Shiko. Huyu alikuwa msichana wa Nairobi mwenye sauti ya mbio, aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya kuwashauri matajiri wapi wanunue ardhi. Ilikuwa Aprili, mwaka wa 2012. Mafuta yalikuwa yametangazwa upande wa Lokichar, na serikali ilikuwa inasema mji wa kitalii utajengwa kando ya ziwa, kule Eliye Springs, wenye mahoteli, uwanja wa ndege na sijui nini. Matajiri walitaka kujua kama ni kweli au ni porojo za kila siku.

"Anti," Shiko akaniambia kwenye simu, "maneno ya serikali sisi hatuyapimi. Tunapima kreni. Kule pwani tumehesabu kreni kila mwezi kwa miaka mitatu. Zikiongezeka, mji unapanda. Zikipungua, uza ardhi uondoke. Kreni haidanganyi."

Kreni haidanganyi! Nilivyoyapenda maneno hayo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeachishwa kazi mwaka mzima, nashinda nyumbani kwangu pale mlimani nikitazama mabati ya watu, na sasa nimepewa kazi ya kutazama mabati hayo hayo, lakini kwa heshima.

Tulipanga vituo vitatu. Lokichar nilimweka Asekon, bawabu wa stoo moja ya simenti barabarani. Kakuma nilimweka Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza chai mkabala na lango la maghala ya chakula. Lodwar nikajiweka mwenyewe. Kutoka kwenye baraza yangu naona mji wote, na kreni ikiingia popote, mkono wake unachomoza juu ya mapaa hata kama unakaanga samaki utauona. Sheria ilikuwa rahisi: kreni ikifika kituoni kwako, nipigie simu kidogo ukate, mimi nikupigie. Napiga mstari mmoja kwenye daftari. Mwisho wa mwezi najumlisha, namtumia Shiko.

Achol hakuwa na shida. "Moja, mama. Kalas, basi," anasema, anarudi kwa chai yake. Aliyenimaliza ni Asekon.

Asekon alikuwa mfugaji mpaka ukame ulipomnyang'anya ng'ombe wote na kumtupa kwenye ubawabu. Ukimuuliza ngapi, hakujibu ngapi.

"Ejok, karani," ananisalimu Kiturkana.

"Ejok. Ngapi?"

"Imekuja ile ya njano. Mlango yake moja ni kijani, hii ingine ni njano. Shingo iko na kovu hapa juu, na wamefunga yeye kitambaa nyekundu. Leo anatembea vibaya, mimi naona ni huyu mguu ya nyuma…"

"Asekon! Dakika zangu zinaisha. Nimekuuliza ngapi!"

Akajibu kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole, "Ni Lonyang." Lonyang ndilo jina wanalompa dume wa rangi ya njano.

"Moja, basi," nasema, nakata simu, napiga mstari wangu. Nilikuwa nikimsimulia kila mtu kioja cha bawabu anayeipa mashine jina la fahali. Watu walicheka sana, na mimi nikacheka kuwapita.

Mtu wa kwanza kumsimulia alikuwa Akai. Akai alikuwa na hoteli ya chai chini ya mlima, panapoanzia njia ya kwangu: mabenchi mawili, birika kubwa, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo ukiinywa asubuhi hutafuti chakula mpaka saa tisa. Mumewe, Ekwam, alikufa mwaka wa 2009 akamwachia binti mmoja, Nakaale, na ngamia. Ngamia walikaa upande wa Kalemng'orok, wakichungwa na shemeji yake, mzee Lomorukai. Maziwa yalishuka kwa madebe juu ya malori. Hao ngamia ndio waliokuwa maziwa ya hoteli, karo ya Nakaale, na kinga yao wote wawili mvua ikikataa.

Zamani, kabla ya mambo haya yote, niliwahi kumuuliza, "Mama Nakaale, kwani una ngamia wangapi?"

Aliacha kumimina chai. "Karani, hayo huulizi mtu."

"Kwa nini? Mimi ni mwizi?"

"Mifugo haihesabiwi. Ukihesabu, unaita hasara. Jioni wakirudi hatuulizi wako wangapi. Tunauliza nani hayupo."

"Na mtajuaje hayupo bila kuhesabu?"

Akanitazama vile unavyomtazama mtoto wa mjini. "Wewe ukiingia kwako ukute dada yako hayuko, unahesabu?"

Nikacheka hata hapo. Nilikuwa mtu wa kucheka sana siku hizo.

Basi namba zikaanza kupanda. Mei, kreni tatu. Julai, tano. Agosti, nane. Oktoba ilipoisha nikajumlisha mara mbili kwa sababu sikuamini: kumi na moja. Shiko alipiga simu akipiga vigelegele. "Anti, hata pwani haikupanda hivi! Hii grafu tunaiweka ukurasa wa kwanza!" Akanitumia grafu yenyewe. Nikaenda kuichapisha kwa rangi kwenye duka la picha, nikaibandika ukutani kwa Akai, juu ya benchi. Mstari mwekundu unapanda kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi. Wateja wakiuliza, nawaeleza. Kichwa kilikuwa kimenivimba, siwezi kuficha.

Na Akai alikuwa akiisikia hotuba hiyo kila siku, akipika.

Jioni moja akanifuata mpaka nyumbani. Akakaa, akafunga leso yake upya mara mbili bila sababu. "Karani, kuna kiwanja barabara ya Eliye. Kama wageni wanakuja kweli, mimi naweza kujenga vyumba. Sita. Mgeni akishuka garini, analala kwangu, anakunywa chai kwangu. Lakini itabidi ngamia waende. Wote. Nifanye au niache?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halina uzito mdomoni. Badala yake nikamwambia, "Kreni kumi na moja, Mama Nakaale. Kreni haidanganyi. Usipojenga sasa, watajenga wa Nairobi, wewe ubaki kuwauzia chai mlangoni kwao."

Ila ngamia hawangeenda bila Lomorukai. Baada ya wiki mzee akaja mwenyewe, kigoda chake mkononi, vumbi la Kalemng'orok mpaka kwenye nyusi. Hakutaka kiti changu. Alikaa juu ya kigoda chake barazani, tukasalimiana salamu ndefu, akanywa maji, akatazama mji chini yetu. Siku hiyo mkono wa kreni ulikuwa umechomoza karibu na stesheni ya mafuta, unashusha matangi.

"Mama," akasema, "huyu mke wa ndugu yangu anasema wewe ndiye unajua kama mji inakuja. Nimekuja nisikie kwa mdomo yako."

"Inakuja, mzee. Hiyo unayoiona pale ni moja tu. Ziko kumi na moja."

"Umeziona?"

"Hiyo hapo naiona. Nyingine naletewa habari."

Akafikiri. "Ni za rangi gani?"

Haya, niambieni. Mimi nimesoma, nina grafu ukutani, na mtu ananiuliza rangi! Nilitabasamu lile tabasamu la ofisini. "Mzee, rangi haina kazi. Kazi ni hesabu."

"Kama hujui rangi, unajuaje ni kumi na moja?"

"Kwa sababu nimehesabu, mzee," nikasema, na sauti yangu haikuwa na adabu kama inavyotakiwa mbele ya mtu wa umri ule. Akatazama tena ule mkono wa njano juu ya mapaa, kwa muda mrefu. Angeniambia nishuke naye mpaka pale chini ningeshuka? Sidhani. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na sufuria jikoni. Alipoinuka alisema tu, "Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Ngamia waliuzwa Desemba. Lori la wachuuzi wa Isiolo lilikuja mpaka Kalemng'orok, wakapakiwa kwa awamu. Akai hakwenda kuona. Alikuwa kwenye kiwanja chake anasimamia mchanga.

Vyumba vilijengwa vizuri, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama vingejengwa ovyo. Vyumba sita vya mawe, mabati mapya, milango ya buluu, vitanda vimetoka Kitale. Februari vilikuwa tayari. Uchaguzi wa Machi ukapita, tukaambiwa sasa kuna kaunti, mambo yataenda mbio. Wageni hawakuja. Wafanyakazi wa mafuta walilala kwenye kambi zao wenyewe na kula chakula chao wenyewe. Wenye suti walienda Eliye asubuhi, wakapiga picha ziwa, wakarudi kupanda ndege jioni. Katika vyumba sita, mpaka Mei, hakuna mtu aliyelipa usiku hata mmoja. Hotelini kwa Akai chai ikawa ya maziwa ya unga. Sikumwambia kitu. Nilikunywa yote, hata kile kibonge cha unga kinachobaki chini ya kikombe.

Mimi bado naendelea kuhesabu. Tisa. Kumi. Kumi na moja tena.

Mwisho wa Mei Shiko akataka picha. "Wateja wanapenda kuona, anti. Piga picha ya kreni tatu tatu, kila kituo." Nikaanza na Kakuma, maana Achol alinipigia asubuhi hiyo: moja, kalas. Nilifika saa sita mchana. Achol, ambaye nilikuwa simjui sura mwaka mzima, alikuwa mwanamke mrefu kupita mlango, akanipa chai ya tangawizi na kunionyesha kwa kidevu: ile pale, ndani ya ua.

Ilikuwa ya njano. Inanyanyua vyuma vya ghala. Mlango mmoja wa kijani.

Nilisimama na kikombe mkononi. Juu, kwenye shingo, palikuwa na bonde kama kovu. Na karibu na ndoano kulikuwa na kitambaa, kimeliwa na jua mpaka kimekuwa waridi, lakini bado ungejua kilikuwa chekundu.

"Achol, hii ulishawahi kuiona?"

"Hii? Ni yeye siku zote, mama." Akanishangaa. "Anakuja, anaenda, anakuja. Wewe unaulizaga ngapi. Ni moja. Mimi nasema moja."

Dereva aliposhuka kutafuta chai, niligundua ni mtu wa kwetu, Wekesa, wa Bungoma. "Mulembe," nikamsalimu kwa lugha yetu, "hebu niambie, wenzako wako wapi? Hizi kreni nyingine za Lokichar na Lodwar?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wenzangu wepi, mama? Ni mimi. Kutoka Kalemng'orok mpaka hapa ni mimi peke yangu, nakodishwa kama punda. Leo hapa, keshokutwa Lodwar, wiki ijayo Lokichar, narudi. Kuna moja ya buluu ilikuja mwaka jana, gia ikafa, iko Lokichar juu ya mawe mpaka leo. Kwani nani amekuambia ziko nyingi?"

Kule pwani kreni hupandwa ardhini, ikasimama juu ya jengo lake mpaka liishe. Ukihesabu tano, ni tano. Huku zinatembea barabarani kama mifugo, na mimi mtu wa miaka kumi na minne Turkana nilikuwa nimekaa mlimani natazama shingo tu. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuinama. Sikushuka hata siku moja, na Lodwar nzima unaweza kuivuka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Nikampigia Asekon palepale. Safari hii sikumkata.

"Asekon, hizo kreni ulizoniambia tangu mwaka jana. Niambie zote, mmoja mmoja, na sura zao."

"Mbona nilishasema wewe," akajibu, na hakuwa na hasira, ndiyo maana nilisikia vibaya zaidi. "Ni Lonyang. Na yule buluu, lakini yule ni mgonjwa, hajasimama. Hakuna ingine. Kila siku nasema wewe ni Lonyang, wewe nasema basi."

Nilimpigia na Shiko, kwa sababu nilidhani itamtia hofu. Akasema wateja walishanunua na wengi walishauza tena kwa faida, kwa hiyo nisijali, na kama ninaweza kupunguza namba pole pole, isianguke ghafla, itapendeza kwenye grafu. Nilizima simu. Sikuwahi kumtumia namba nyingine.

Kumwambia Akai kulinichukua siku tatu. Asubuhi ya nne niliingia hotelini kabla ya wateja, nikaibandua ile grafu ukutani, nikaikunja.

"Mama Nakaale, kreni haikuwa kumi na moja. Ilikuwa moja. Nilikuwa naihesabu kila inapopita. Nimekukosea, na sina la kukupa."

Alikuwa anakoroga maziwa ya unga. Aliendelea kukoroga, polepole, mpaka yakalainika yote. "Moja," akasema.

"Moja."

"Shemeji aliuliza wewe rangi."

"Aliniuliza."

Sikuwahi kutukanwa katika maisha yangu kwa namna iliyonikata kama vile alivyonimiminia chai asubuhi hiyo, akaniwekea sukari ninavyopenda, akaenda nyuma ya hoteli, hakurudi mpaka nilipoondoka. Nililia njia nzima ya kupanda mlima, mtu mzima, mchana kweupe, watu wananiona.

Lomorukai alikuja Juni. Nilipomwona anapanda na kigoda na fimbo yake, nilisema leo ndiyo leo, nitapigwa kwa fimbo barazani kwangu, na nitanyamaza. Akai alikuwa nyuma yake. Yeye hakuingia barazani. Alisimama nje, akiegemea nguzo ya lango. Mzee alitoa kwenye shuka yake daftari jipya la shule, la kurasa thelathini na mbili, bei bado imebandikwa.

"Mama, wewe unajua kuandika," akasema. "Hawa wanyama ya Ekwam, mimi nilikuwa naona wao kila siku, kwa hivyo nilikuwa najua wao. Sasa sioni. Juzi nililala nikatafuta sura ya mmoja, nikakosa. Mimi ni mzee. Mtoto wa Nakaale akiuliza, baba ya mama yangu aliacha nini, nani atasema? Andika."

Nikachukua kalamu. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Akaanza. Jike mweusi wa shingo ndefu, sikio la kulia limechanwa, mkali kwa wageni. Jike wa rangi ya majivu, ndiye aliyempa Nakaale maziwa mwaka wa ukame mama yake alipokauka. Dume mwekundu mwenye kovu la fisi pajani. Mdogo wake, mwoga wa maji, ilibidi asukumwe kisimani. Mweupe ambaye Ekwam alimwimbia. Kila alipokwama, Akai alimsaidia kutoka langoni, neno moja, mawili: "Yule wa meno mbaya." "Yule alikuwa anafuata wewe." Niliandika kila kitu, makovu, tabia, mama ya nani ni nani. Sikukata mtu. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa baraza mpaka mwingine.

Mzee akainua kichwa, akatazama mji. Nikadhani amemaliza. Na mkono wangu, mwili huu una laana gani sijui, ukashuka chini ya orodha ukaanza kuchora ule mstari wa kujumlishia.

Fimbo yake ikatua juu ya karatasi, taratibu, ikaufunika.

"Bado," akasema. "Yule mweusi walipopakia yeye alikuwa na mimba. Ilikuwa imebaki mwezi. Andika na huyo."

Nikaruka mstari, nikaandika: mtoto wa jike mweusi. Halafu nikainua kalamu.

"Mzee," nikauliza, "wa rangi gani?"

Lomorukai akamgeukia Akai. Akai akatikisa kichwa. "Huyo hatukumwona," akasema.